Protini Mpya Hazionekani: Utatuzi wa Matatizo ya Kutia Alama Protini Zinazotengenezwa Ndani ya Seli Hai

Ndani ya seli moja kuna protini nyingi zilizotengenezwa siku kadhaa zilizopita, na ndiyo maana kupima protini yote iliyomo hakumwonyeshi mtafiti kile ambacho seli inakitengeneza sasa hivi. Njia ya kuzitenganisha zile mpya na zile za zamani ni kuipa seli, kwa dakika au saa chache, kitu ambacho ribosomu (mashine ya seli inayotengeneza protini) itakiingiza katika protini za wakati huo pekee, kisha kukitafuta kitu hicho baadaye. Mwongozo huu unahusu njia mbili zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni ya asidi amino zinazochukua nafasi ya methionini, yaani azidohomoalanini (AHA), ambayo hubeba kundi la azidi, na homopropajiliglisini (HPG), ambayo hubeba kundi la alkaini. Makundi hayo hufungwa baadaye kwenye rangi inayong'aa au kwenye bayotini kwa kemia ya klik, yaani muungano wa azidi na alkaini, ile iliyowapatia Carolyn Bertozzi, Morten Meldal na K. Barry Sharpless Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2022. Ya pili ni ya puromaisini, dawa inayofanana na ncha ya tRNA iliyobeba asidi amino. Ribosomu huiunganisha kwenye mnyororo wa protini na kuuachia mnyororo huo kabla haujakamilika, nasi huitambua kwa kingamwili, kama ilivyo katika mbinu ya SUnSET iliyochapishwa mwaka 2009, au kwa klik pale inapotumika OPP, ambayo ni puromaisini iliyoongezewa alkaini.

Matatizo yanayoletwa na watu ni yale yale, na nimeona mara nyingi mtafiti akibadilisha rangi, shaba na kingamwili kwa wiki nzima wakati kosa lilikuwa katika midia, yaani kioevu cha kuoteshea seli. Kwa hiyo, kabla ya kuilaumu kemia, iulize seli kwanza kama ilitengeneza protini yoyote.

Sampuli za kulinganishia, kabla ya dalili yoyote

Hakuna ushauri hapa chini utakaokufaa ikiwa huna sampuli tatu za kulinganishia katika kila jaribio. Moja ni seli ambazo hazikupewa alama kabisa (katika njia ya AHA au HPG zipewe methionini kwa kiasi kile kile) lakini zikapitishwa katika hatua zote nyingine. Ya pili ni seli zilizopewa alama pamoja na dawa ya kuzuia utengenezaji wa protini, kwa kawaida saikloheksimidi, mikrogramu 100 kwa mililita, iliyotangulia kuwekwa kabla ya alama. Ya tatu ni seli zenye afya zinazogawanyika haraka ambazo unajua zimewahi kukupa ishara nzuri. Katika njia ya puromaisini napendelea anisomaisini kuliko saikloheksimidi, kwa sababu saikloheksimidi husimamisha ribosomu ikitembea lakini haiizuii kikamilifu kuipokea puromaisini, ilhali anisomaisini hukaa mahali pale pale ambapo muungano huo hufanyika.

Dalili ya kwanza: hakuna ishara yoyote

Sababu inayoongoza katika njia ya AHA na HPG ni methionini iliyobaki. Kimeng'enya kinachopakia methionini kwenye tRNA huikubali AHA, lakini kwa shida sana kikilinganisha na methionini yenyewe, hivyo hata methionini kidogo hushinda. DMEM ya kawaida ina takriban mikromola 200 za methionini na RPMI 1640 ina takriban 100. Mtu akiweka mikromola 50 za HPG ndani ya midia hiyo, ametia tone baharini. Kagua lebo ya chupa, uhakikishe imeandikwa kwamba haina methionini, kisha uangalie seramu: seramu ya ndama ambayo haijapitishwa kwenye dayalisisi huleta asidi amino zake yenyewe. Osha seli mara mbili kwa bafa (myeyusho unaotunza pH) ya fosfeti yenye joto la nyuzi 37, uziache katika midia isiyo na methionini kwa dakika 30 hadi 60, ndipo uongeze alama. Usizidishe muda huo ukidhani utapata ishara kubwa zaidi, kwa maana seli inayokosa asidi amino huwasha njia yake ya tahadhari na kupunguza utengenezaji wa protini, na utakuwa umekizima kile ulichotaka kukipima.

Sababu ya pili ni askobeti ya sodiamu iliyokaa. Klik ya shaba huhitaji shaba ya hali ya moja, na askobeti ndiyo inayoibadilisha kutoka hali ya mbili. Askobeti iliyotengenezwa sasa hivi haina rangi, wazi kama maji. Ikishaanza kuwa njano, kama chai hafifu, imeungana na oksijeni na haifai tena, hata kama lebo inasema imetengenezwa wiki hii. Pima unga, uyeyushe, utumie saa ile ile. Mpangilio nao una maana: salfeti ya shaba ichanganywe kwanza na ligandi yake (molekuli inayoishikilia shaba), kama vile THPTA kwa uwiano wa ligandi tano kwa shaba moja, na rangi ya buluu hafifu itakolea, askobeti iongezwe mwisho, na buluu hiyo itapotea mbele ya macho yako. Isipopotea, usiendelee, kwa sababu sampuli unayoitia humo ni ya kupotezwa bure.

Ya tatu ni vitu vilivyomo katika bafa. EDTA huikamata shaba; DTT na vitu vingine vyenye kundi la thaioli huifunga; Trisi nayo huishikilia kwa kiasi. TCEP ni adui wa aina nyingine, kwa kuwa huibadilisha azidi yenyewe kuwa amini, na AHA iliyokwisha kuingia katika protini hugeuka isiweze kuonekana tena. Ukipasua seli kwa bafa yenye mojawapo ya vitu hivi, itakubidi uishushe protini kwa methanoli na klorofomu, uioshe, kisha uiyeyushe upya katika bafa safi kabla ya klik.

Kuna kosa moja ambalo nitalieleza kwa urefu kidogo kwa sababu lilitugharimu karibu mwezi mzima katika maabara niliyokuwa nikifanyia kazi. Kila kitu kilikuwa sawa: midia, askobeti, shaba. Sampuli za HPG zilibaki nyeusi chini ya darubini. Siku moja mwenzangu aliigeuza chupa ya bafa ya kuoshea, na nyuma yake, kwa kalamu iliyoanza kufutika, palikuwa pameandikwa «NaN₃ 0.02%». Mtu aliweka azidi ya sodiamu ili bafa isiote ukungu. Kiwango hicho ni takriban milimola 3, wakati rangi yetu ya azidi ilikuwa mikromola chache tu, hivyo kila alkaini ndani ya seli ilikutana na azidi ya sodiamu mara mamia kabla ya kukutana na rangi. Katika njia ya AHA hali ni mbaya vilevile, kwa sababu azidi hiyo huimaliza rangi yenye alkaini. Kagua bafa zote, pamoja na kingamwili zilizohifadhiwa kwa azidi, na usizitumie kabla ya hatua ya klik.

Katika njia ya puromaisini, swali la kwanza la kujiuliza ni kama seli zako zina jeni la ukinzani wa puromaisini. Koo nyingi za seli zilizobadilishwa kwa virusi vya lenti zilichaguliwa kwa dawa hiyo hiyo, nazo hutengeneza kimeng'enya kinachoibandika puromaisini kundi la asetili na kuifanya isitumike. OPP ina kundi lile lile la amini linalobandikwa, kwa hiyo usitegemee kwamba itakuokoa. Hamia AHA au HPG. Ikiwa seli hazina ukinzani, angalia umri wa puromaisini na idadi ya mara ilizoyeyushwa na kugandishwa tena.

Endapo yote hayo yamepita, tenganisha kemia na seli. Mimi huweka kwenye friza akiba ya protini kutoka jaribio lililofanikiwa, iliyogawanywa katika mirija midogo, na kila ninapotilia shaka klik huipitisha akiba hiyo sambamba na sampuli mpya. Akiba ikionekana na sampuli isionekane, kosa liko kwa seli. Zote zisipoonekana, kosa liko kwenye kemia.

Dalili ya pili: hata seli zisizopewa alama zinang'aa

Anza na rangi. Kiwango kikubwa cha rangi hunata kwenye protini bila muungano wowote wa kweli, hasa katika seli zilizokufa, ambazo hung'aa kuliko jirani zake na kumdanganya mtu asiye mzoefu. Punguza rangi hadi nusu, kisha robo, na uoshe kwa bafa yenye albumini asilimia 3 kabla na baada ya klik. Ikiwa unatumia klik isiyo na shaba, yaani ile ya DBCO (molekuli inayofungana na azidi bila kuhitaji shaba), fahamu kwamba DBCO hushikamana pia na sisteini. Kuziziba sisteini kwanza kwa iodoasetamidi hupunguza tatizo hilo sana.

Ikiwa sampuli isiyo na alama ni nyeusi lakini ile yenye kizuizi inang'aa, tafuta kwanza kosa la kuosha. AHA, HPG na OPP zilizo huru ndani ya seli zina kundi la amini, na formaldehidi inaweza kuzifunga papo hapo kwenye protini za zamani. Zioshe seli vizuri kabla ya kuzikaza kwa formaldehidi, wala si baada. Ishara ikiendelea kubaki, kuna maelezo mawili yanayostahili uangalifu mkubwa. La kwanza ni mitokondria: ribosomu zake hazizuiwi na saikloheksimidi, nazo hutengeneza protini 13 zilizoandikwa katika DNA ya mitokondria ya binadamu, hivyo mng'ao hafifu wenye umbo la nyuzi kuzunguka kiini ni wa kweli na wala si uchafu. La pili ni mikoplazma. Bakteria hawa wadogo hupita kwenye vichujio vya mikromita 0.22, hawaonekani kwa darubini ya kawaida, hawaguswi na penisilini kwa kuwa hawana ukuta wa seli, na ribosomu zao huendelea kufanya kazi mbele ya saikloheksimidi. Ongeza kloramfenikoli: ishara zote mbili zitapungua, kwa hiyo dawa hiyo peke yake haitofautishi. Kitakachotofautisha ni rangi ya DNA, ambayo itaonyesha vitone vingi nje ya kiini, na kipimo cha PCR.

Hapa ndipo mahali pa kusimama. Mikoplazma ikithibitishwa, acha majaribio yote ya seli hizo, mwarifu msimamizi wa chumba cha kuoteshea seli siku hiyo hiyo, na usijaribu kuzitibu kimyakimya kwa antibiotiki huku wenzako wakiendelea kutumia inkubeta ile ile. Matokeo ya miezi kadhaa ya watu wengine yanaweza kuwa hatarini.

Dalili ya tatu: seli zinaonekana kuugua au kung'oka

Puromaisini ni sumu, na hili husahaulika kwa sababu tunaitumia kwa kipimo tu. Mikrogramu 10 kwa mililita kwa dakika 10 zinatosha katika seli nyingi. Mtu anayeziacha saa mbili anapima kifo. Ukiona seli zimeviringika, fupisha muda kabla ya kupunguza kiwango.

AHA kwa kawaida huvumiliwa vizuri zaidi kuliko HPG seli zinapokaa nayo muda mrefu, ila kuna jambo moja la kuangalia kwa macho. AHA huuzwa mara nyingi kama chumvi ya hidrokloridi, na myeyusho wake mzito huwa na tindikali. Ukiongeza tone na midia yako yenye rangi ya waridi ikageuka chungwa au njano, seli zimemwagiwa tindikali, na kudhoofika kwao hakuna uhusiano na azidi. Rekebisha pH ya akiba ya AHA hadi 7.4, uchuje, ndipo ugandishe.

Klik yenye shaba isifanyike juu ya seli unazotaka ziendelee kuishi. Kwa seli hai tumia DBCO au zinazofanana nayo. Na hata kwa seli zilizokazwa, shaba huharibu mng'ao wa protini ya kijani ya GFP na huvuruga faloidini inayoshika aktini, kwa hiyo klik itangulie, faloidini ifuate, na GFP itafutwe kwa kingamwili.

Dalili ya nne: bloti ina sura isiyoeleweka

Watu wengi huleta picha ya bloti (utando uliohamishiwa protini zilizotenganishwa kwa ukubwa) ya puromaisini yenye ukungu mrefu kutoka juu hadi chini wakidhani wameharibu. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa: minyororo imekatwa katika urefu wa kila aina. Kinachotia shaka ni kinyume chake, yaani mistari michache iliyokolea. Mstari mmoja kwenye kilodaltoni 50 na mwingine kwenye 25, katika tishu ya panya iliyopimwa kwa kingamwili ya panya, ni kingamwili za mnyama mwenyewe zinazoshikwa na kingamwili ya pili. Tumia ya pili inayotambua tabaka dogo la ile ya kwanza pekee.

Katika bloti ya streptavidini, protini inayoishika bayotini, mistari ya karibu na kilodaltoni 75 na 130 inayojitokeza hata pasipo alama ni ya vimeng'enya vya seli vyenye bayotini ya asili, vile vya kaboksilesi. Haiondoki kwa kuosha. Isome kama alama za njia, na upime kile kilichoongezeka kati yake.

Dalili ya tano: leo inafanya kazi, kesho inakataa

Hapa sababu kubwa ni mikono na saa, kuliko kemikali. Chukulia bati lenye visima 12 na mtu anayetumia nusu dakika kwa kila kisima: kisima cha mwisho kinapata puromaisini dakika tano na nusu baada ya cha kwanza. Vyote vikisimamishwa kwa pamoja, cha kwanza kimepata dakika 10 na cha mwisho dakika nne na nusu, na tofauti hiyo inaweza kuzidi athari ya dawa unayoichunguza. Simamisha visima kwa mpangilio na mwendo ule ule uliotumia kuviongezea.

Joto linafuata. Utengenezaji wa protini hupungua haraka seli zikipoa, kwa hiyo midia iliyotoka kwenye friji, au bati lililosubiri juu ya meza ya chuma huku mtu akitafuta pipeti, vyote hubadilisha matokeo. Kwa sisi ambao umeme hukatika, weka kipimajoto chenye kumbukumbu ndani ya inkubeta na ukisome kila asubuhi kabla ya kuanza. Inkubeta iliyopoa usiku na kupata joto tena alfajiri inaonyesha nyuzi 37 kwenye kioo, lakini seli zilizomo hazijapumzika. Angalia pia kipimo cha mtungi wa gesi ya kabonidioksidi.

Mwisho, linganisha ishara na protini yote iliyopakiwa, kwa kuipaka bloti rangi ya Ponceau kabla ya kingamwili. Kutegemea aktini peke yake ni hatari katika jaribio ambalo lengo lake hasa ni kubadilisha utengenezaji wa protini.

Dalili ya sita: shanga za streptavidini hazivuti kitu

Njia ya kuvuta protini zilizotiwa AHA ili zitambuliwe kwa spektrometa ya masi, ile iitwayo BONCAT, ilianza kuchapishwa mwaka 2006, na kosa linalorudiwa tangu hapo ni bayotini huru. Kitendanishi cha bayotini kilichobaki baada ya klik huzijaza shanga kabla protini haijafika. Ishushe protini kwa methanoli na klorofomu, au ipitishe kwenye safu ya kuondolea molekuli ndogo, ndipo uiweke na shanga. Ikiwa, kinyume chake, unavuta protini nyingi mno na zile za sampuli isiyo na alama zinafanana nazo, osha kwa ukali: muungano wa bayotini na streptavidini hustahimili sodiamu dodesili salfeti asilimia 1 na yurea nyingi, ambazo protini zilizonata tu hazistahimili. Kumbuka pia kwamba protini ambayo methionini yake pekee ni ile ya mwanzo, nayo ikakatwa baadaye, haitaonekana kamwe kwa njia hii, hata ufanye kila kitu sawasawa.

Usipeleke sampuli kwenye spektrometa kabla bloti ndogo haijaonyesha tofauti kati ya yenye alama na isiyo na alama. Na ukishaiona, zungumza na mtaalamu wa mashine kabla ya kuziosha shanga kwa mara ya mwisho, kwa kuwa dawa ya kuoshea kama Triton iliyobaki inaweza kuharibu safu yake kwa siku nyingi na kufunika ishara za watu wengine.

Mahali pa kuacha na kumwita mwenye ujuzi

Azidi ya sodiamu ni sumu kali inayozuia upumuaji wa seli. Ikikutana na tindikali hutoa gesi ya sumu, na ikimwagwa kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi hutengeneza mchanganyiko unaoweza kulipuka baada ya muda mrefu. Ukikuta chupa ya zamani ya azidi, au mabaki ya klik yaliyomwagwa kwenye sinki hilo kwa mazoea, usijaribu kusafisha bomba mwenyewe. Funga matumizi ya sinki na umwite afisa wa usalama wa maabara.

Baadhi ya maabara bado hutumia njia ya zamani ya methionini yenye salfa 35, na kwa usikivu wake ina haki ya kuendelea kutumika. Nusu-uhai wa salfa 35 ni takriban siku 87, na methionini hiyo hutoa mvuke wenye mionzi unaonata ndani ya inkubeta na kwenye pipeti, kwa hiyo mrija ufunguliwe ndani ya kabati la kuvutia hewa na bati liwekwe juu ya karatasi yenye mkaa unaofyonza mvuke. Kifaa cha Geiger huisikia salfa 35 kwa udhaifu, hivyo ukimya wake hauthibitishi usafi: futa nyuso kwa karatasi na uzihesabu kwenye kihesabu cha sintilesheni, kinachopima mionzi kwa mimweko ya mwanga. Kazi hii haianzwi bila kibali, ambacho Tanzania husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC) na Kenya na Kenya Nuclear Regulatory Authority. Hesabu za karatasi zikiwa juu ya kiwango cha kawaida cha chumba, funga mlango, andika jina la kila aliyeingia siku hiyo, na mwite afisa wa kinga ya mionzi kabla mtu yeyote hajaanza kufuta chochote.